Dhamana za Nje: Jinsi Tanzania Inavyoweka Akiba kwa Kuzikopesha Nchi Nyingine

Dhamana za nje ni hati za deni zilizotolewa na serikali, benki au taasisi ya nchi nyingine. Anayenunua hati hiyo humkopesha aliyeitoa: hutoa fedha leo, hulipwa riba kwa vipindi, na siku hati inapoiva hurudishiwa fedha yake yote. Zinazoiva ndani ya mwaka mmoja huitwa dhamana za muda mfupi. Zinazochukua miaka 2, 5, 10 au zaidi ndizo hatifungani. Karibu kila benki kuu duniani inazo, na mara nyingi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya akiba ya fedha za kigeni ya nchi.

Tanzania husikika zaidi ikitajwa kama nchi inayokopa. Reli ya kisasa iliyofika Dodoma mwaka 2024, barabara kuu na mitambo mikubwa ya umeme ni miradi iliyohitaji fedha nyingi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa wakopeshaji wa nje. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba nchi hiyohiyo nayo ni mkopeshaji. Kupitia Benki Kuu ya Tanzania, yenye ofisi zake Dodoma na Dar es Salaam, mabilioni ya dola yamewekwa kwenye amana na hatifungani za mataifa tajiri, kuanzia na Marekani. Kiasi hicho kimepanda na kushuka kwa zaidi ya miaka 100, tangu enzi ambapo Tanganyika haikuwa hata na benki kuu yake, na kila kilipopanda au kushuka maisha ya vijijini yaliguswa.

Akiba inavyofika Chamwino

Wilaya ya Chamwino, inayopakana na Jiji la Dodoma na ambamo imejengwa Ikulu iliyozinduliwa Mei 2023, ni nchi ya mtama, uwele, alizeti na zabibu. Mvua zake ni chache na msimu wake ni mmoja. Mkulima wa huku hauzi wala kununua hatifungani za Marekani, lakini vitu vingi anavyotumia hununuliwa ng'ambo kwa dola: dizeli ya trekta na ya lori linalopita barabara ya Morogoro, mbolea, dawa za zahanati, vipuri vya pikipiki, na hata mafuta ya kula, kwani alizeti ya Dodoma na Singida bado haijatosheleza mahitaji ya nchi nzima.

Dola za kulipia vitu hivyo hutokana na kile ambacho nchi inauza nje: dhahabu, utalii, huduma za usafirishaji kwa nchi jirani, korosho, kahawa, tumbaku na mazao mengine. Mapato hayo hayaji kwa mpangilio. Kuna miezi ya utalii na miezi mikavu, kuna mwaka bei ya kahawa inapanda na mwaka inaanguka. Matumizi hayasubiri, maana meli ya mafuta ikitia nanga lazima ilipwe. Akiba ya fedha za kigeni ndiyo inayoziba pengo hilo.

Kwa sababu hiyo akiba ya nchi haipimwi kwa dola peke yake. Hupimwa kwa miezi: kama leo hakuna dola nyingine itakayoingia, zilizopo zingetosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi mingapi? Kaya ya Wagogo wa Dodoma yenye vihenge vya mtama hufanya hesabu ya namna hiyo, kwani linaloulizwa mwezi wa kumi si debe ngapi zimebaki bali kama zitafika mavuno. Tanzania imejiwekea kiwango cha chini cha miezi 4. Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika itifaki ya umoja wa fedha iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, iliweka lengo la miezi 4.5, na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ina lengo la miezi 6.

Akiba inapatikanaje, na kwa nini haikai kama noti

Dola zinazoingia nchini huwa kwanza mali ya waliozipata: kampuni ya madini, hoteli, msafirishaji wa mazao. Wao huziuza kwa mabenki ili wapate shilingi za kulipia mishahara na kodi. Mabenki huuziana katika soko la fedha za kigeni baina ya mabenki, na Benki Kuu huingia katika soko hilo kama mnunuzi au muuzaji. Inaponunua dola hutoa shilingi, na dola huingia katika akiba. Njia nyingine ni mikopo na misaada inayotolewa kwa Serikali kwa fedha za kigeni: Serikali hupewa shilingi, Benki Kuu hubaki na dola.

Hapa ndipo linapojibiwa swali linaloulizwa mara nyingi, kwa nini fedha hizo zisichukuliwe zikajenge shule na zahanati. Kila dola iliyomo katika akiba ilikwisha kulipiwa kwa shilingi, na shilingi hizo tayari ziko mtaani zikifanya kazi. Kuitumia dola hiyo mara ya pili kama fedha ya bajeti ni kuongeza shilingi nyingine juu ya zile za kwanza huku kinga ya shilingi ikipungua. Akiba ni mali iliyo upande mmoja wa mizania ya Benki Kuu, na upande wa pili wa mizania hiyo kuna noti, sarafu na amana za mabenki.

Zikishapatikana, dola haziwekwi ndani ya kasha. Noti haileti riba, na biashara ya kimataifa haifanyiki kwa magunia ya noti. Sehemu ya kwanza ya akiba hubaki kama amana za muda mfupi katika benki kuu za nje na benki kubwa za kimataifa, tayari kwa malipo ya wiki hii na mwezi huu. Sehemu ya pili hununuliwa dhamana zinazoiva kwa kupishana, ili kila baada ya muda kuwe na fedha inayorudi. Sehemu ya tatu, isiyotarajiwa kuguswa karibuni, huwekwa kwenye hatifungani za miaka mingi zaidi, zenye riba nzuri zaidi. Mpangilio huu hufuata kanuni tatu zinazotumiwa na benki kuu karibu zote, tena kwa utaratibu huu: kwanza usalama wa fedha, pili wepesi wa kuigeuza kuwa fedha taslimu, na mwisho kabisa faida.

Ndiyo maana hatifungani za Serikali ya Marekani zinapendwa kuliko nyingine. Soko lake ni kubwa kuliko yote, na mwenye nazo anaweza kuuza kiasi kikubwa asubuhi moja bila kuivuruga bei. Mafuta ya petroli, ngano na mikopo mingi ya kimataifa huhesabiwa kwa dola. Japani peke yake inazo hatifungani hizo zenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 1, na China ilifikia takriban trilioni 1.3 mwaka 2013 kabla ya kuanza kuzipunguza. Akiba ya Tanzania ni ndogo mno ikilinganishwa na hizo, lakini kanuni ni zilezile. Mbali na dola, Tanzania hushikilia pia dhamana za pauni, yuro, dola ya Australia na yuani ya China.

Enzi ya Bodi ya Sarafu na hati za London

Historia ya dhamana za nje za Tanzania inaanza London. Mwishoni mwa 1919 Uingereza iliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ikakaa London na kutoa fedha kwa ajili ya Kenya na Uganda, kisha Tanganyika iliyokuwa imetwaliwa kutoka kwa Wajerumani. Rupia zilizotumika awali ziliondolewa, ikapita florini kwa muda mfupi, na kuanzia 1922 shilingi ya Afrika Mashariki ikawa fedha ya makoloni hayo. Zanzibar ilijiunga mwaka 1936.

Kazi ya Bodi ilikuwa nyepesi kuielezea. Benki ya Dar es Salaam au Mombasa iliyotaka shilingi 20 ilipaswa kwanza kuiweka pauni 1 London, na Bodi iliichukua pauni hiyo ikanunua hati za Serikali ya Uingereza au za makoloni mengine. Aliyetaka kuipeleka fedha Uingereza alirudisha shilingi na kupewa pauni. Bodi haikuikopesha Serikali ya Tanganyika wala haikuamua riba. Pamba na katani ziliposafirishwa, pauni ziliingia na shilingi ziliongezeka. Bei ilipoanguka, shilingi zilipungua mikononi mwa watu.

Bodi ilianza na upungufu, kwa sababu kuziondoa rupia na florini kuliigharimu kuliko ilivyotarajiwa. Katika mdororo wa miaka ya 1930 dhamana zake za London zilitosha sehemu ndogo tu ya shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu. Ilichukua hadi karibu 1950, baada ya vita kuu ya pili na bei nzuri za mazao, kwa kila shilingi kuwa na pauni yake kamili nyuma.

Ukamilifu huo ulikuwa na gharama yake. Nchi maskini ziliikopesha Uingereza kwa riba ndogo wakati zenyewe zilikosa mitaji. Baada ya 1945 Uingereza ilikuwa na uhaba mkali wa dola, na ilitaka kila kinachoweza kuzalishwa ndani ya eneo la pauni kisinunuliwe Marekani. Mradi wa karanga wa Kongwa, jirani na Chamwino ya leo, ulizaliwa katika fikra hizo mwaka 1947: mafuta ya mimea yatoke Tanganyika ili dola zisitumike. Ardhi ngumu, ukame na mitambo isiyofaa viliushinda mradi, na ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36. Uingereza, kwa hiyo, ilitapanya fedha Kongwa kwa ajili ya kulinda dola zake, huku akiba ya shilingi za makoloni ikiwa imelala London katika hati zake.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1955 Bodi iliruhusiwa kutumia hadi pauni milioni 10 kununua dhamana za serikali za Afrika Mashariki zenyewe, yaani kwa mara ya kwanza si kila shilingi ilihitaji pauni ya London. Mwaka 1960 makao yake yalihamishiwa Nairobi. Tanganyika ilipopata uhuru, ilimwita Erwin Blumenthal, mtaalamu kutoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi, ambaye mwaka 1963 alitoa ripoti kuhusu mustakabali wa fedha. Juni 1965 nchi tatu zilitangaza kwamba kila moja ingekuwa na fedha yake.

Benki Kuu na pauni iliyopungua

Mwalimu Julius Nyerere alizindua Benki Kuu ya Tanzania tarehe 14 Juni 1966, Edwin Mtei akiwa Gavana wa kwanza. Kwa kadiri shilingi za zamani zilivyokusanywa na kubadilishwa na mpya, Tanzania ilirithi sehemu yake ya mali ya Bodi, na mali hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa pauni.

Somo la kwanza lilifika baada ya miezi 17 tu. Tarehe 18 Novemba 1967 Uingereza iliishusha thamani pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Kenya, Uganda na Tanzania zilikataa kuifuata. Pauni iliyokuwa na thamani ya shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Hati ya London yenye pauni 100, ambayo katika vitabu vya Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa shilingi 2,000, ikawa 1,714, ingawa Uingereza haikushindwa kulipa hata senti moja ya deni lake. Hatari hii haimo katika ahadi ya mkopaji. Imo katika fedha ambayo ahadi hiyo imeandikwa.

Baada ya hapo nchi nyingi zilianza kutawanya akiba zao. Mwaka 1971 Tanzania iliihamisha shilingi kutoka kwenye pauni na kuifunga kwenye dola, na mwaka 1975 ikaifunga kwenye SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, inayotokana na mchanganyiko wa sarafu kubwa.

Ukame, kahawa na vita

Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi akiba inavyoweza kuyeyuka. Mvua zilikosa kunyesha vizuri kwa misimu miwili, 1973/74 na 1974/75, na mikoa ya kati ikaumia zaidi. Chamwino, kijiji cha mfano ambako Nyerere mwenyewe alifika kushiriki ujenzi wa Ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, kilikuwa katikati ya ukanda huo wa njaa. Serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi, yakiwemo mahindi ya njano ambayo watu waliyaita Yanga kwa rangi yake. Wakati huohuo bei ya petroli ilikuwa imepanda mara kadhaa tangu mwishoni mwa 1973. Katika mwaka 1974 pekee akiba ilipungua kwa zaidi ya nusu. Dhamana za nje ziliuzwa ili chakula kipatikane, na hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Kisha bahati ikageuka. Julai 1975 barafu iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa hadi kilele chake mwaka 1977. Mwishoni mwa mwaka huo Tanzania ilikuwa na akiba ya takriban dola milioni 280, kiasi kikubwa kwa wakati ule. Mwanzoni mwa 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, kwa ushauri wa wakopeshaji wa kimataifa waliodai kwamba akiba ilikuwa kubwa mno. Bidhaa ziliingia kwa wingi wakati bei ya kahawa ilipokuwa imeanza kushuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na nchi ilihitaji kujijengea upya huduma zilizokuwa za pamoja, zikiwemo ndege na posta. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na vita vikaanza. Mwishoni mwa 1978 zilibaki takriban dola milioni 100, na mwishoni mwa 1980 takriban milioni 20, fedha isiyotosha hata wiki chache za maagizo.

Kilichofuata wakazi wa umri mkubwa wanakikumbuka bila kuhitaji takwimu: foleni za sabuni na sukari, mabasi yaliyolala kwa kukosa matairi, viwanda vilivyosimama kwa kukosa vipuri. Mtei, aliyekuwa sasa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwishoni mwa 1979 kwa kutofautiana na Nyerere kuhusu masharti ya IMF. Waagizaji walilipa shilingi benki wakisubiri dola ambazo hazikuwepo, na wauzaji wa nje hawakulipwa. Madeni hayo yaliyolimbikizwa yalikusanywa katika akaunti maalumu, ambayo mwaka 1985 ilihamishiwa Benki Kuu na kujulikana kama EPA. Miaka 20 baadaye, ukaguzi wa hesabu za 2005/06 uligundua kwamba takriban shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kutoka akaunti hiyo. Kwa hiyo hata kashfa hiyo kubwa ina mzizi wake katika dola zilizokosekana miaka ya 1970 na 1980.

Kujenga upya

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na IMF, na shilingi ikashushwa thamani kwa kiasi kikubwa. Kwa muda mrefu kabla ya hapo bei rasmi ya dola ilikuwa chini mno, kiasi kwamba aliyekuwa na dola hakuona sababu ya kuipeleka benki. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na mwaka 1994 soko la mabenki lilianza. Tangu hapo bei ya dola imeamuliwa na wanunuzi na wauzaji, na Benki Kuu imeweza kujenga akiba kwa kununua badala ya kuamuru.

Ujenzi ulikuwa wa taratibu. Migodi mikubwa ya dhahabu ilifunguliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, utalii ukakua, na mwaka 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini. Akiba ilivuka dola bilioni 1 karibu na mwaka huo, bilioni 2 miaka michache baadaye, na kukaribia bilioni 4 mwaka 2010. Agosti 2021 IMF iliwagawia wanachama wake wote SDR, na Tanzania ikapata takriban dola milioni 543. Mwishoni mwa mwaka huo akiba ilikuwa takriban dola bilioni 6.4.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea, na mwishoni mwa 2022 akiba ilikuwa imeshuka hadi takriban bilioni 5.2. Mwaka 2023 uhaba wa dola ulisikika nchi nzima, wafanyabiashara wakizisubiri kwa wiki kadhaa. Hata hivyo nchi haikurudi kwenye foleni za 1980. Akiba ilibaki juu ya kiwango cha miezi 4, na bei ya shilingi iliachwa isogee badala ya kufungwa. Mwishoni mwa 2023 na 2024 akiba ilikuwa takriban bilioni 5.5.

Hatari za kuwa mkopeshaji

Ubora wa hatifungani hauiondolei hatari. Ya kwanza ni bei. Chukua hatifungani ya miaka 10 inayolipa riba ya asilimia 2. Kama riba sokoni itapanda na mpya zikaanza kulipa asilimia 5, hakuna atakayeinunua ile ya zamani kwa bei yake ya awali. Itabidi iuzwe kwa punguzo. Mwenye kusubiri hadi iive hulipwa yote, lakini anayehitaji fedha kabla hupata hasara. Hilo ndilo lililozipata benki kuu na mabenki mengi duniani kuanzia Machi 2022, Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 16. Kwa sababu hiyo nchi yenye akiba ndogo hupendelea hati zinazoiva mapema, hata kama riba yake ni haba.

Ya pili ni riba kupungua mno. Baada ya mtikisiko wa kifedha wa 2008 Marekani iliishusha riba yake hadi karibu sifuri. Ulaya ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2014 benki kuu ya yuro ilitoza riba iliyo chini ya sifuri, na kuna miaka ambayo aliyeikopesha Ujerumani alirudishiwa pungufu ya alichotoa. Ya tatu ni thamani ya fedha yenyewe, kama ilivyokuwa kwa pauni mwaka 1967.

Ya nne ni ya kisiasa. Hati ya deni la nje haimo nchini mwa anayeimiliki. Imo katika vitabu vya kielektroniki huko ilikotolewa. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, mataifa ya Magharibi yaliizuia akiba yake ya takriban dola bilioni 300. Nchi nyingi ambazo hazikuhusika na vita hivyo zilijiuliza upya fedha zao ziko wapi.

Ipo pia gharama ya kila siku. Mara nyingi nchi inayoendelea hukopa kwa riba kubwa kuliko inayolipwa kwenye dhamana zake za nje. Tofauti hiyo ndiyo bei ya bima. Mwaka usio na janga huonekana kama upotevu. Mwaka wa ukame na petroli ghali hubainika kuwa bima hiyo ilikuwa rahisi.

Dhahabu yarudi katika hesabu

Jibu mojawapo la hatari hizi limekuwa dhahabu. Haina riba, na bei yake hupanda na kushuka, lakini si deni la mtu yeyote na inaweza kuhifadhiwa popote mwenyewe anapotaka. Tanzania ina faida ya ziada: inachimba dhahabu yake yenyewe, hivyo Benki Kuu inaweza kuinunua kwa shilingi bila kutoa dola.

Jambo hili si geni kabisa. Karibu na 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, hasa ili isitoroshwe nje, kabla ya mpango huo kuishia katikati ya muongo. Awamu ya sasa ina mkono wa sheria. Kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya mzigo wao kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa Benki Kuu. Viwanda vya kusafisha vinavyohusika ni pamoja na Eyes of Africa kilichoko Dodoma na kingine cha Mwanza. Kwa hatua hiyo sehemu ya akiba inayoongezeka haiendi kuwa mkopo kwa serikali ya nje.

Dhahabu haitaziondoa hatifungani. Meli ya dizeli hailipwi kwa tofali la dhahabu, na hati ya Marekani bado huuzwa kwa haraka kuliko kitu kingine chochote. Kinachobadilika ni uwiano kati ya hizo mbili.

Kuzisoma takwimu

Kila mwezi Benki Kuu huchapisha mapitio ya uchumi yenye kiasi cha akiba. Msomaji wa kawaida anaweza kuyapata mengi humo kwa kuangalia mambo matatu. La kwanza ni miezi ya uagizaji, kwa sababu dola bilioni 5 za leo haziwezi kununua kile zilichonunua miaka 10 iliyopita, na mahitaji ya nchi yamekua. La pili ni chanzo cha ongezeko: akiba iliyokua kwa mauzo ya dhahabu, mazao na utalii ni imara kuliko iliyokua kwa mkopo mpya, kwani mkopo huja na tarehe ya kurudishwa. La tatu ni majira. Akiba hupungua kila mwaka katika miezi ambayo watalii ni wachache na mazao hayajauzwa, kwa hiyo mwezi mmoja ulinganishwe na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia.

Kwa vipimo hivyo, miaka ya 1977 na 1978 inaeleweka vizuri zaidi. Dola milioni 280 zilionekana nyingi, lakini zilitokana na zao moja lililopata bei ya bahati, na zilitumika kana kwamba bei hiyo ingedumu. Akiba ya leo ina vyanzo vingi zaidi, imetawanywa katika sarafu kadhaa na dhahabu, na shilingi ina uhuru wa kupokea sehemu ya mshtuko. Kadiri Chamwino na wilaya nyingine zitakavyozalisha zaidi kile kinachoagizwa sasa, kuanzia mafuta ya kula, ndivyo dola zilezile zitakavyohesabika kuwa miezi mingi zaidi.